Binti Mwenye Nguvu na Ndimi za Watu

Wanawake wanaopigana ulingoni wana swali ambalo ni haki yao kuliuliza: je, ni salama kupambana na mtu aliyezaliwa mwanaume, akabaleghe kiume, kisha akajitambulisha kuwa mwanamke? Mwaka 2014 nchini Marekani, Tamikka Brents alipigana na Fallon Fox, aliyezaliwa mwanaume, akavunjika mfupa unaozunguka jicho. Baadaye alieleza kwamba hajapata kukutana na nguvu kama zile kwa mwanamke yeyote. Katika mbio, aliyezidiwa huachwa nyuma. Katika ngumi huumizwa. Fiqhi yetu inafundisha kuwa madhara huondolewa, wala hayasubiriwi yatokee.

Hata hivyo, swali hilo la haki limezaa dhulma. Tarehe 1 Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Angela Carini wa Italia aliacha pambano lake na Imane Khelif wa Algeria baada ya sekunde 46. Dunia ikamwita Khelif mwanaume aliyejigeuza, ilhali alizaliwa, akasajiliwa na kulelewa kama msichana. Amy Broadhurst wa Ireland, aliyemshinda Khelif katika fainali ya ubingwa wa dunia mwaka 2022, alijitokeza kumtetea. Carini naye aliomba radhi. Mei 2025, shirikisho la World Boxing lilipotangaza kipimo cha lazima cha jinsia, lilimtaja Khelif kwa jina. Rais wake akalazimika kuomba radhi kwa kutomhifadhia faragha.

Mambo haya mawili tusiyachanganye. Wanazuoni wetu waliweka mlango maalumu wa khuntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri, wakajadili swala yake na mirathi yake, wakamtenga na mtu anayejifananisha na jinsia nyingine kwa hiari yake. Walitafuta alama kwa utulivu, wala hawakuhukumu kwa uvumi. Jirani yetu Annet Negesa, mkimbiaji wa Uganda, alizaliwa na maumbile ya aina hiyo. Mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji ambao, kwa maelezo yake, ulimharibia afya na riadha yake.

Hapa Mtera hatuna ulingo, lakini ndimi tunazo. Mabinti zetu hubeba ndoo za samaki tangu wadogo, wakapanuka mabega. Baada ya Paris, mmoja wa wanafunzi wa madrasa, mrefu na mwenye sauti nzito, alibandikwa jina la bondia yule. Waliolianzisha ni watu wazima, barazani, simu zikiwa mikononi. Binti akaacha kuja darasani kwa wiki kadhaa. Mama yake alipofika kwenye kamati alisema neno moja tu: mwanawe sasa anaogopa kupita sokoni.

Ndugu wazazi, kuwatetea wanamichezo wa kike wasiumizwe ni jambo jema, nami naliunga mkono. Lakini kipimo, kikihitajika, ni kazi ya daktari, kwa siri na kwa wote sawasawa. Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya, upelelezi na majina ya kejeli. Tulipoifundisha Ijumaa ile hatukumtaja mtu. Wanaohusika walijitambua, na kubwa lililobaki ni wao kwenda kumtaka radhi binti huyo mbele ya mama yake.