Matembezi ya Watoto na Wakati Wake



Ndugu zetu wasomaji, na hasa kina mama, ambao ndio wabebao uzito wa nyumba wakati wa likizo: juma hili tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni siku ya kuwatoa watoto matembezini.

Miaka kadhaa iliyopita tuliwaahidi wanetu kuwapeleka Haller Park, kule Bamburi, kando ya barabara iendayo Malindi. Ilipofika likizo ya Aprili, masika yakatuzuia. Tukasema tutakwenda Idd. Siku ya Idd magari yakatukwamisha njiani hadi alasiri, tukarudi nyumbani na watoto wanalia. Basi Jumatano moja, katikati ya muhula, tukaamua kutowapeleka shule. Tukavuka daraja la Nyali mapema, na kwa hakika palikuwa na utulivu mkubwa.

Mahali pale pana mazingatio. Hapo zamani palikuwa shimo la kuchimbua mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji, ardhi tupu isiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Lakini majani yake makavu yalikuwa hayaozi upesi, ndipo wakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa rutuba. Tulipowaeleza wanetu kwamba msitu ule umesaidiwa na jongoo, walicheka, kisha wakainama kumtafuta. Tukawasimulia pia habari ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa pale na kumwandama kobe mkubwa aitwaye Mzee mithili ya mama yake. Subhanallah! Mabinti wakawalisha twiga kwa mikono yao, nasi tukaswali adhuhuri juu ya mkeka chini ya mivinje.

Usiku, kijana wetu mdogo akauliza: "Baba, kesho mwalimu akiniuliza nilikuwa wapi, nimwambieje?"

Tukamjibu bila kufikiri: "Mwambie ulikuwa na homa."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Lakini Baba, ile hadithi ya mama na tende ulitusomesha wewe chuoni."

Hadithi aliyoikusudia ni ile iliyopokewa na Abu Daud, ya mama aliyemwita mwanawe ili ampe kitu. Mtume (S.A.W.) akamwuliza alikusudia kumpa nini, mama akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Nasi tulikuwa tunamfundisha mtoto uongo mzima kwa ajili ya siku moja ya furaha. Mama yake alitutazama bila kusema neno, na usingizi ukatupaa.

Asubuhi tulimpeleka shuleni wenyewe, tukamweleza mwalimu ukweli mbele yake. Mwalimu hakutukemea. Alisema tu: "Sheikh, ungetuarifu mapema. Jana walikuwa na mtihani wa hesabu." Mtoto akaufanya peke yake wakati wenzake wakicheza.

Tangu siku hiyo, kila mwanzo wa mwaka sisi na mama watoto hukaa na kalenda mbili: ya shule na ya mwezi mwandamo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku 10 au 11, kwa hivyo Ramadhani na Idd haziangukii likizo ile ile kila mwaka. Aprili mvua ni nyingi. Disemba wageni kutoka bara hujaa, na nauli hupanda. Sisi tumeona likizo ya Agosti ndiyo nafuu: jua si kali, na Jumanne au Jumatano asubuhi hapana msongamano. Ijumaa tunaiacha kwa ajili ya swala, na Idd tunaiacha kwa ajili ya jamaa na majirani. Mwenye mtoto wa mtihani wa taifa, na amngoje amalize, ili watembee wote kwa moyo mkunjufu.

Tena, kina baba, tuwahurumie wake zetu. Mama akikesha akipika mahamri na kukaanga samaki wa safari, kisha akashinda kutwa akiwakimbilia watoto, matembezi hayo ni ya nani? Chakula chepesi kinatosha, na watoto tuwashike mikono sisi.

Wala tusiahirishe daima. Binti yetu mkubwa, aliyewalisha twiga siku ile, ameshaolewa na yuko mbali. Ahadi kwa mtoto ni deni. Tulilipe kwa wakati wake, na tulilipe kwa halali.

Allah atujaalie nyumba zenye furaha na ukweli. Amin.