Mizani ya Ghala na Belo la Gikomba

Miongoni mwa Waafrika Mashariki waishio Marekani, maghala ya Goodwill, shirika la hisani lililoanzishwa Boston mwaka 1902 na mchungaji Edgar Helms, yamekuwa mahali pa kutafutia makoti ya baridi, nguo za watoto na vyombo vya nyumbani kwa bei isiyopatikana katika duka la kawaida. Maghala hayo hupokea bidhaa zilizokosa mnunuzi katika maduka ya shirika, zikamwagwa katika masanduku mapana ya magurudumu bila kupangwa wala kubandikwa bei, na nguo hulipiwa kwa ratili, kipimo kisichofika nusu kilo.

Masanduku mapya yanapoingizwa, wateja husimama nyuma bila kuyagusa hadi yote yapangwe na wafanyakazi watoe ruhusa. Ruhusa ikitoka, mikono huzama kwa pamoja, na katika dakika chache za mwanzo hugombewa kile ambacho macho yalikwisha kukichagua kwa mbali. Wazoefu huvaa glavu, kwani ndani ya lundo huweza kuwamo kioo kilichovunjika. Aliyekulia karibu na Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam hahitaji kufundishwa shauku hiyo, kwa sababu ameona belo, yaani robota la mitumba ambalo kwa kawaida huwa na kilo 45, likikatwa kamba huku wachuuzi wakiwania kamera, kama zinavyoitwa Nairobi nguo bora za chaguo la kwanza, kabla haijabaki fagia, masalia ya bei ya chini kabisa.

Tofauti kubwa imo katika kulipa. Gikomba bei hutokana na maongezi, na mteja wa siku nyingi huwekewa mzigo wake pembeni. Ghalani huamua mizani, hata blauzi ya hariri ikawa nafuu kuliko suruali ya jinzi kwa wepesi wake tu. Ni kweli kwamba mizani hiyo humnyima mnunuzi utu wa kujuana, lakini kwa mhamiaji ambaye Kiingereza chake bado ni kigumu, kutotozwa zaidi kwa sababu ya lafudhi ni haki yenye thamani, na haifai kubezwa.

Kinachosalia ghalani huuzwa kwa jumla, na sehemu ya nguo hizo hufungwa marobota na kusafirishwa ng'ambo, Afrika Mashariki ikiwamo. Biashara hiyo imegusa hata siasa za mataifa: mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ili kulinda viwanda vyake, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya kuingiza mavazi ya Rwanda bila ushuru chini ya AGOA, mpango wake wa biashara na Afrika. Kwa kuwa marobota hayo hufika hadi masoko ya nyumbani, mwanadiaspora anayejaza pipa la nguo za ghalani na kulilipia nauli ya meli hadi Mombasa huenda anawapelekea ndugu zake kile ambacho tayari kimetandazwa sokoni kwao. Kabla ya kulifunga pipa, na awapigie simu nyumbani awaulize wanachohitaji. Wakijibu kwamba nguo zipo, nauli hiyo na itumwe kwa fundi cherehani wa mtaa awashonee watoto sare za shule.