Mwanangu Ni Yupi?

Watu wakisikia wewe ni mwandishi wa habari wanadhani unajua kamera. Mimi nimeishi kwa maneno miaka yote hii: naenda na daftari, nauliza, naandika, na mpigapicha tuliyeongozana naye anafanya yake. Kwa hiyo nilipohitaji kamera kweli nilianza kama mwanagenzi yeyote: hela ya kubana, istilahi nyingi nisizozielewa, na muuzaji mbele yangu ananiita "dada'angu" kila baada ya sentensi.

Sababu ilikuwa dada yangu. Yuko Muscat mwaka wa tatu sasa, anafanya kazi za ndani, na binti yake wa miaka 11 tunaishi naye hapa Dar, kwa bibi yake. Mtoto huyu ni kipa. Kila Jumamosi asubuhi anavaa glovu zinazompwaya na kwenda kusimama golini kwenye uwanja wa vumbi, na mimi nilikuwa nampiga picha kwa simu na kuzituma. Jibu kutoka Muscat lilikuwa lilelile kila wiki: "Mwanangu ni yupi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Lenzi kuu ya simu ni pana, inafaa mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Mtoto aliyesimama hatua 40 kutoka ulipo anakuwa nukta yenye jezi. Na simu nyingi za kawaida ukivuta kwa vidole husogei karibu hata kidogo, unakata tu kipande cha picha na kukitanua, ndiyo maana sura inageuka chengachenga. Nilikuwa namtumia mama picha za uwanja, wakati yeye alitaka uso.

Basi akatuma Sh 1,500,000. "Nunua kamera, mdogo wangu," akasema, "ila usiniangushe." Kwa mtu anayefanya kazi hiyo, kiasi hicho hakipatikani kwa mwezi mmoja wala miwili. Nikaamua sitoi hata shilingi mpaka nijue nalipia nini.

Swali la "kamera ipi nzuri" nililiacha mapema, kwa sababu halina jibu. Nililoliweka mahali pake ni hili: picha hii inatakiwa ifanye kazi gani? Kazi zilikuwa mbili. Kwanza, kumfikia mtoto aliye mbali hadi uso uonekane. Pili, kumsimamisha. Mtoto hachezi polepole eti kwa kuwa miguu yake ni mifupi, na kipa anayeruka ndiye mgumu kuliko wote. Shata ikifunguka na kufunga kwa 1/125 ya sekunde, picha inacheza: mkono unakuwa moshi, mpira unakuwa mstari. Kwa michezo ya watoto anzia 1/500, na kama mwanga unaruhusu nenda 1/1000.

Hapo "kama mwanga unaruhusu" ndipo hela zinapokwenda. Shata ikiwa ya haraka, mwanga unaoingia ni kidogo, kwa hiyo lenzi inatakiwa iwe na tundu kubwa. Wale unaowaona pembeni mwa Uwanja wa Mkapa wakiwa na mizinga mikubwa wamelipia tundu. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya lenzi ya f/5.6, na lenzi ya milimita 70-200 yenye f/2.8 ikiwa mpya ingemeza bajeti yangu mara kadhaa.

Lakini mechi za watoto hazichezwi usiku chini ya taa. Zinachezwa saa tatu asubuhi, jua la Dar likiwa limeshafungua macho. Kwa jua lile, f/5.6 inatosha na kubaki. Jambo hilo hakuna muuzaji aliyeniambia. Mwanga tunao, tena bure, na mtu anayeanza kupiga picha uwanjani asubuhi hana sababu ya kununua tundu la kumsaidia gizani. Mtoto wako akicheza ndani ya ukumbi, au mazoezi yakianza saa kumi na moja jioni na kuingia magharibi, hesabu inabadilika. Hapo lenzi ndogo isiyovuta, mfano ya milimita 85 yenye f/1.8, itakufaa kuliko lenzi ndefu ya bei rahisi, ilimradi ukubali kusogea kwa miguu yako.

Duka la kwanza nililoingia Kariakoo walinitolea "ofa": kamera mpya ya daraja la chini, lenzi mbili, begi, stendi ya miguu mitatu, filta na kitambaa cha kufutia. Boksi limependeza, kila kitu kinanukia upya. Nikauliza inapiga picha ngapi kwa sekunde. Muuzaji akaniambia, "Dada'angu, hii ni HD."

Canon 4000D, ambayo ni ya 2018, inapiga picha 3 kwa sekunde na ina vituo 9 vya fokasi. Canon 70D, ambayo ni kaka yake mkubwa wa 2013, inapiga 7 kwa sekunde na ina vituo 19. Kwa picha ya mtu aliyetulia, tofauti hiyo huioni. Kwa kipa anayeruka, ndani ya sekunde moja ile ya kwanza inakupa akiwa chini, akiwa hewani, akiwa chini tena. Ya pili inakupa nafasi saba, na kati ya hizo moja ina macho yake yakiutazama mpira. Kwa hiyo kwa michezo, mtumba wa daraja la kati unaushinda upya wa daraja la chini. Wenye kupenda Nikon wana njia hiyohiyo, kwa D7100 au D7200. Wajihadhari tu na kamera za safu ya D3000 na D5000: hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani za AF na AF-D zitabana vizuri kwenye mdomo wa kamera lakini fokasi utazungusha kwa mkono, huku mtoto anakimbia.

Nilichukua 70D ya mtumba kwa Sh 950,000, na lenzi ya Canon ya milimita 55-250, toleo la STM, kwa Sh 350,000. Sensa ya kamera hizi ni ndogo kuliko ile ya kamera kubwa za kitaalamu, na kwa uwanjani udogo huo ni faida: milimita 250 zinaona kama 400. Memori kadi Sh 40,000, betri ya akiba Sh 35,000. Zikabaki Sh 125,000, na sikuzigusa. Nitasema baadaye zilikwenda wapi.

Ukinunua mtumba, kagua kama unanunua gari. Washa tochi ya simu, imulikie lenzi kutoka nyuma, utazame ndani: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui, na mji wenye unyevu kama wetu unaipenda sana kazi hiyo. Funga tundu hadi f/16, piga picha ya anga tupu. Madoa yatakayobaki palepale kwenye kila picha ni uchafu juu ya sensa. Bonyeza kila kitufe. Fungua mlango wa betri, tikisa. Uliza shata imefunguka mara ngapi. Kwa Nikon idadi huandikwa ndani ya faili la picha yenyewe, kwa Canon ni kazi zaidi kuipata, lakini namna muuzaji anavyolipokea swali nayo inakuambia kitu. Ukifika nyumbani, vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie kwenye begi la kamera. Na uwanjani usibadili lenzi, maana vumbi halingoji ukaribishe.

Kuhusu kupiga penyewe, mambo matatu yalinisaidia kuliko kitu chochote nilichokilipia. Kuiweka fokasi kwenye hali ya kufuata, ambayo Canon wanaiita AI Servo, ili kamera isishike pale mtoto alipokuwa bali iende naye. Kukaa chini. Ukimpiga mtoto ukiwa umesimama unapata utosi na vumbi, lakini ukichuchumaa unapata uso na nyuma yake anga, badala ya choo cha uwanja na bodaboda zilizopaki. Na kuchagua upande kabla ya mechi: jua mgongoni kwangu, karibu na mstari wa pembeni usawa wa kumi na nane. Kipa habadilishi nafasi sana, hiyo ndiyo hisani pekee anayokufanyia.

Wiki ya tatu nilipata uso. Meno yamebana mdomo wa chini, glovu mbele, mpira bado haujafika. Nikaituma kama dokumenti, maana WhatsApp ukiituma kawaida inaibana hadi inapoteza nusu ya utamu. Dada hakuuliza ni yupi. Alipiga simu, akawa kimya kidogo, kisha akasema, "Amepungua. Au amerefuka?"

Ningeweza kuishia hapo, lakini mtoto mwenyewe alikuwa na malalamiko. "Mamdogo, mbona unanipiga peke yangu tu? Kama vile nacheza na nani sijui." Nikapitia picha zote na kukuta anasema kweli. Lenzi ndefu ina tabia ya kumtoa mtu kwenye watu wake. Nyuma yote inafifia na kuwa rangi, beki aliyeokoa mpira kabla yake hayumo, rafiki yake anayemfunga kamba za glovu hayumo. Nilikuwa nimemjibu mama yake swali moja na kuzua la pili: mwanangu anacheza na nani? Tangu hapo nairudisha lenzi kwenye 55 wakati wa mapumziko, wakati wa kupeana mikono, wakati wa maji. Picha hizo hazina mruko wala vumbi, lakini ndizo anazozitazama mara mbilimbili.

Kuna picha ya zamani ambayo siku hizi naifikiria sana nikiwa nimechuchumaa pale. Aliipiga Martin Munkácsi, Mhungaria aliyeanza kwa kuandika na kupiga picha za michezo kwenye magazeti ya Budapest, mnamo 1930 hivi: wavulana watatu Waafrika wanakimbilia majini, tunawaona kwa nyuma, miili myeusi dhidi ya povu jeupe. Henri Cartier-Bresson aliiona akiwa kijana, na baadaye akasema ndiyo iliyomchochea kuishika kamera kwa dhati. Wapigapicha wengi wamekua kwa kumsoma Cartier-Bresson, na yeye alisukumwa na watoto watatu wanaokimbia. Ni akina nani? Sijawahi kukutana na majina yao popote. Hata mahali pana utata: kwingine picha imeandikwa Ziwa Tanganyika, kwingine Liberia. Mbio zao ziko kwenye historia ya sanaa. Wao wenyewe hawana hata sura, na pengine kulikuwa na mama kando ya maji ambaye angeweza kuwataja wote watatu bila kufikiri.

Nasema hivi kwa sababu kamera yenye uwezo inakupa pia uwezo wa kumchukua mtoto kitu asichokupa. Picha bora niliyowahi kupiga kiufundi ni ya binti yetu dakika moja baada ya kufungwa goli la nne. Amekaa chini, kamasi na vumbi, mwanga umempiga upande mmoja wa shavu, kila kope inahesabika. Mhariri yeyote angeichukua. Nilimwonyesha jioni. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Hiyo usimtumie mama. Atadhani nalia kila siku." Sikuituma. Ninayo kwenye kadi, na nimemwambia ni yake, akikua ataamua.

Kwa watoto wa wenzangu nafuata utaratibu huohuo, kwa ukali zaidi. Nilizungumza na kocha kwanza, kisha na wazazi mmoja mmoja. Mama mmoja alisema mwanawe asipigwe, hakueleza sababu na sikumuuliza. Mtandaoni siweki picha yenye jina la mtoto, shule yake na siku za mazoezi vikiwa pamoja, maana hayo matatu yakikutana yanamwelekeza mtu yeyote mahali pa kumkuta.

Majina yanakaa nyumbani, na huko ndiko zilikokwenda zile Sh 125,000. Kila mwisho wa mwezi nachagua picha chache na kuzisafisha studio, saizi ya kawaida, moja kwa kila familia iliyokubali na bahasha moja inayosubiri mtu wa kwenda Muscat. Ukipanga bajeti ya kamera, tenga na ya karatasi. Simu inaibiwa na kadi inakufa, ila karatasi iliyotiwa kwenye sanduku la khanga za bibi ina maisha marefu. Nyuma ya kila picha naandika kwa kalamu tarehe, matokeo, hata kama ni nne bila, na majina kuanzia kushoto. Mwezi uliopita lilinipungua jina moja, la kipa wa timu pinzani aliyemkumbatia wetu baada ya mechi. Nikaiweka picha pembeni wiki nzima, mpaka Jumamosi nilipomkuta kocha wao na kumuuliza, kisha tukamtafuta mama yake.