Huyo Naye Ana Kwao

Mwaka nilipokuwa Uswidi chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi, mwenzangu mmoja alinialika kwenda Falsterbo kutazama ndege. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Falsterbo ni rasi iliyo kusini-magharibi kabisa mwa nchi hiyo. Ndege wanaokimbia baridi hukusanyika hapo kwa wingi, kwa kuwa mbele yao ni bahari, na ng'ambo ni Denmark.

Tulifika kabla jua halijachomoza. Katika bustani ya mnara wa taa, nyavu nyembamba zilikuwa zimetegwa kati ya vichaka. Ndege wengi wadogo husafiri usiku, na alfajiri hutua hapo kupumzika. Wataalamu huwatoa nyavuni, huwavisha pete yenye namba mguuni, huwapima, kisha huwaachia.

Mama mmoja aliyekuwa kazini alinionyesha kindege chenye rangi ya kijani na njano. Kwa Kiswidi huitwa lövsångare, yaani mwimbaji wa majani. Alikipima: gramu 9 tu.

"Mnao kwenu?" aliniuliza.

Nilinyamaza. Mimi ni mzaliwa wa Masaka, Uganda, na utotoni nilikuwa fundi wa manati. Vindege kama hivyo tuliviangusha kutoka kwenye mibuni. Havikufaa hata kwa mchuzi. Tulishindana tu nani ameua vingi. Nyanya alitukemea: "Huyo naye ana kwao!" Tulicheka, maana tulidhani kwao ni kichaka cha jirani.

"Wapo," nilijibu hatimaye. "Nami nimewaua wengi."

Hakunilaumu. Alinieleza kwamba wale wa kusini mwa Uswidi huelekea Afrika Magharibi, na wale wa kaskazini huja kwetu Afrika Mashariki. Kuhusu yule aliyemshika, hakuweza kusema. "Tutajua akiokotwa na mtu, naye akasoma pete," alisema. Nikawaza: mtu huyo huenda akawa mtoto mwenye manati.

Alikiweka kiganjani mwangu. Uzito sikuuhisi, nilihisi moyo ukidunda mbiombio. Nikafungua mkono, kikaruka, kikajificha kichakani kungoja usiku.

Niliporudi nyumbani Desemba, nilimkuta mdogo wangu na manati shingoni. Sikumnyang'anya. Nilimketisha, nikamsimulia habari za pete. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza: "Sasa kaka, nikimpiga mwenye pete, nitapewa nini?"

Bado natafuta jibu.