Sisimizi Mwenye Kichwa Kikubwa

Watu wengi humdharau sisimizi. Mimi simo kati yao. Nikiulizwa ni kiumbe gani wa Afrika aliyesafiri mbali akatawala nchi za wengine, sitamtaja simba wala ndovu. Nitamtaja sisimizi wa rangi ya hudhurungi, mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi cha miili yao. Fabricius alimweleza kwa maandishi mwaka 1793, kwa mfano uliotoka Mauritius.

Visiwa vya Hawaii vimo katikati ya Bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 3,800 kutoka bara la Marekani. Umbali huo ulikuwa ngome: havikuwa na sisimizi wa asili hata mmoja. Baadhi ya wadudu wake walipoteza hata uwezo wa kuruka, kwani wangemkimbia nani? Karne ya 19 zikaja meli, na pamoja na shehena akashuka mgeni huyu. R. C. L. Perkins, aliyeanza kukusanya wadudu wa huko mwaka 1892, alishuhudia kwamba kila alipoingia sisimizi huyo, mbawakawa wa asili walitoweka. Mananasi nayo hayakusalimika. Sisimizi hulinda vidudu vyeupe vinavyofyonza utomvu, apate kulamba utamu wao, nayo mimea hunyauka.

Nguvu yake i katika amani. Kiota kimoja huwa na malkia wengi, na viota jirani havipigani. Wangekuwa watu, tungewasifu kwa umoja wao.

Ningependa kuyasoma haya kama habari za ng'ambo tu, lakini sisimizi huyo sasa yumo Laikipia, naye huko pia ni mgeni. Migunga ya huko, ile iliayo mluzi upepo uvumapo, ilikuwa na walinzi wake: sisimizi wenyeji waliomwuma ndovu mkongani hata akauacha mti. Mgeni amewaua na kula watoto wao, wala yeye haulindi mti. Ndovu huvunja apendavyo, na simba amekosa pa kujificha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba huko Ol Pejeta, mwaka 2003, punda milia walikuwa 67 katika kila mawindo 100 ya simba. Kufikia 2020 walikuwa 42. Nyati, ambaye hapo kwanza hakuonekana katika hesabu hiyo, naye amefikia 42, na nyati hujua kurudisha pigo.