Kitenzi cha Kiingereza na Mwandani Wake

Nimefundisha Kiswahili nchini Uganda kwa miaka mingi, na katika madaftari ya wanafunzi hukutana mara kwa mara na sentensi za namna hii: "Mama anaangalia baada ya watoto." Aliyeiandika hakukosa bidii. Alikijua Kiingereza kabla ya Kiswahili. Akatwaa "look after", akafasiri neno moja moja.

Mwingereza hutwaa kitenzi chepesi, akakiambatanisha na kijineno, na maana ikahama: "look for" ni kutafuta, "look down on" ni kudharau, "put up with" ni kuvumilia. Kiswahili nacho kina ufundi wa kugeuza maana, ila ufundi wetu hukaa ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia, fungana.

Kwa hiyo mimi huwauliza kwanza: anayeangaliwa ni nani, au ni nini? Hapo "look after" hupata majibu mengi. Mtoto hulelewa, mgonjwa huuguzwa, ng'ombe huchungwa, mali hutunzwa. Vivyo hivyo "give up": aliyeshindwa na hesabu hukata tamaa, lakini mvutaji huacha sigara.

Walimu wenzangu, tusiridhike na wino mwekundu peke yake. Mwanafunzi asipoonyeshwa hazina hiyo, atadhani Kiswahili ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, tena kilichopungukiwa na maneno. Kumbe pale Kiingereza kinapotumia fungu moja, sisi tuna vitenzi vinne, na kila kimoja kina mahali pake.