Siku tatu za wawili: Raga, mvinyo na nyangumi Afrika Kusini

Wazazi wenye watoto wadogo huzungumza kila siku, lakini mazungumzo yenyewe mara nyingi ni ada, homa na nani atamfuata mtoto shuleni. Ndiyo sababu mke na mume mmoja wa Dodoma, baada ya miaka tisa ya ndoa, waliwaacha watoto kwa bibi yao Septemba, wakaenda Cape Town na kukodi gari.

Kabla ya kukata tiketi walikubaliana: siku ya kwanza ya baba, ya pili ya mama, ya tatu ya wote. Na katika siku ya mwenzako, hakuna kununa.

Baba alichagua michezo. Uwanja wa Cape Town ulijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, na ndipo Uholanzi ilipoifunga Uruguay 3-2 kwenye nusu fainali. Siku hiyo palikuwa na raga, mchezo ambao Afrika Kusini imetwaa ubingwa wa dunia mara nne. Mama hakujua sheria hata moja. Mzee aliyekaa jirani aliwaelekeza, na kipindi cha pili mama ndiye aliyepiga kelele kuliko mumewe.

Siku ya pili walikwenda Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka 1679, kama kilomita 50 kutoka Cape Town. Mama amekulia kwenye zabibu za Dodoma, hivyo alitaka kuona wenzao wanafanyaje. Alionjeshwa Pinotage, mvinyo wa zabibu iliyozalishwa hapo hapo mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili. Kuonja si kulewa: glasi huwekwa kidogo tu, na anayetaka hutema.

Baba hakuonja. Kanuni yao ilikuwa mwenye usukani hagusi kilevi, kwa kuwa kuna watoto wanaowasubiri nyumbani. Alikunywa maji ya zabibu, akabeba chupa moja ya kufungulia nyumbani.

Siku ya tatu usukani ulikuwa wa mama. Huko magari hupita kushoto kama Tanzania, hivyo hakupata shida. Kutoka Gordon's Bay alifuata barabara inayobana kati ya mlima na bahari hadi Hermanus.

Nyangumi wa kusini hufika huko kati ya Juni na Novemba kuzaa na kunyonyesha. Mkubwa hufikia mita 15 hivi, na huja karibu na ufukwe kiasi kwamba wageni huwaona wakiwa juu ya miamba, bila kulipia boti. Zamani ukaribu huo uliwaponza, wawindaji wakakaribia kuwamaliza, mpaka walipoanza kulindwa kimataifa mwaka 1935.

Walikaa kwenye benchi wakimtazama mmoja na mtoto wake. Katika miezi hiyo mama huyo hali karibu chochote. Ananyonyesha kwa mafuta aliyohifadhi mwilini.

Baba alinyamaza kidogo. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, yeye alikuwa kazini Mwanza. Akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza: "Mama Neema, zile usiku za mwanzo uliwezaje peke yako?" Jibu lilichukua zaidi ya saa moja, na sehemu yake halikuwa jepesi kulisikiliza.

Kwa wazazi wanaotamani safari kama hiyo, Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri ya nyangumi. Chukueni koti, upepo wa huko ni mkali. Bajeti ikiwa ndogo, nyangumi wenye nundu hupita pia Watamu, Kenya, kuanzia Julai, na mizabibu ipo Dodoma. La kupanga mapema zaidi ni nani atabaki na watoto.